Koti la Kuonjea Sigaa

Kwanza naishika bila kuiwasha. Naiviringisha polepole kati ya kidole gumba na vidole viwili, karibu na sikio. Ikilia kama majani makavu ya mahindi, imekauka safarini. Ikikaa kimya na kubonyea bila kurudi, imelowa melini na huenda ina ukungu ndani. Iliyo nzuri hubonyea kidogo, kisha hurudi mahali pake kama shavu la mtoto.

Nazungumzia sigaa, si sigara. Sigara ni ile nyembamba ya karatasi inayojulikana na kila mtu. Sigaa ni tumbaku tupu, jani ndani ya jani ndani ya jani, nene kama kidole cha mkulima, na mtu akiiwasha baada ya chakula cha mchana anaweza kukaa nayo mpaka jua lihame upande wa pili wa baraza. Haya yote nilijifunza nikiwa mtu mzima, baba wa watoto wanne na mwalimu wa darasa la ubatizo katika kanisa letu la Nakuru. Kabla ya hapo sikuwa nimeweka tumbaku ya aina yoyote kinywani mwangu.

Nilikuwa karani wa stoo katika duka moja la barabara kubwa. Miaka hiyo ya hamsini wakulima wa Kizungu walishuka kutoka Njoro, Molo na Elburgon kununua jibini, mvinyo, risasi na tumbaku, wengi wao wakiwa na bastola kiunoni kwa sababu ya Hali ya Hatari. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee, mtu wa dini sana, asiyegusa pombe wala tumbaku. Aliuza vyote viwili. Alisema kuuza si kutumia, na mimi nilikubaliana naye bila kufikiri, maana mimi pia nilivipakua vyote viwili kutoka kwenye magari na kuvipanga rafuni.

Shule sikuwa nimekwenda zaidi ya kujua kusoma. Kiingereza nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia bidhaa na kwa kamusi moja isiyokuwa na kurasa za mwanzo, hata maneno yanayoanza na A nilikuja kuyapata baadaye, moja moja, kutoka kwa wateja. Nilikuwa mtu wa utaratibu. Kila kitu stooni kilikuwa na mahali pake, na kabla sijajibu swali nilipenda kwenda kutazama.

Siku moja mkulima wa Njoro alirudisha sanduku zima la sigaa za Jamaika. Alilitupa juu ya kaunta akasema zina ladha ya magunia. Mwenye duka alirudisha pesa, akamwomba radhi, kisha akaniita ofisini. Aliniambia kwamba kila shehena itakayofika tangu siku hiyo, mtu lazima aonje sigaa moja kabla sanduku halijapangwa dukani. Yeye hangeweza. Mpishi wake angeweza, lakini mpishi angeonja sanduku zima.

"Wewe hapana kunywa, hapana vuta, hapana iba," alisema. "Wewe taonja."

Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimeokoka. Nilimweleza kwamba kanisa letu linakataza tumbaku. Aliniuliza kama linakataza kazi.

Kabla sijaendelea, ni lazima nieleze habari ya baba yangu, maana bila yeye jambo hili lingekuwa dogo tu.

Baba aliishi kwetu, juu huko milimani upande wa Kuresoi, kwenye baridi na viazi. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka mmoja hivi kabla ya sanduku lile la Njoro kurudishwa, nilipanda nyumbani wakati wa likizo nikamwomba aingie darasa la ubatizo. Kanisa letu lilikuwa na tawi kule. Alinisikiliza siku kadhaa, kisha akakubali. Pombe hakuipenda sana, hiyo haikumsumbua. Kilichobaki ni ugoro.

Ugoro wake aliusaga mwenyewe kwa magadi, akauweka katika kipembe cha ng'ombe chenye kifuniko cha ngozi, na kipembe hicho kilining'inia kifuani mwake tangu nikiwa sijui kutembea. Nikimkumbuka baba wakati wowote wa maisha yangu, nakisikia kifuniko kile kikifunguka. Alikivua shingoni akanipa.

"Wazee wakinipa chao, nifanyeje?" aliuliza.

"Mpitishie aliye karibu nawe," nilijibu. Nilijibu upesi, kama mtu anayejibu swali la darasani.

Nilipaswa kusita. Mimi ni mtoto wa nyumba ile na desturi naijua. Wazee wetu wakikutana kwa jambo lolote la maana, iwe ng'ombe aliyepotea au binti anayeposwa, mazungumzo hayaanzi mpaka kipembe kimezunguka. Kila mzee anachota kidogo, anavuta puani, anampa mwenzake. Aliyechota yumo katika shauri. Anayekipitisha bila kuchota ana kinyongo na mmoja wa waliokaa pale, au hana neno la kusema, na wenzake hawatamwuliza. Baba alikuwa mtu wa kuulizwa. Watu walitoka mbali kuja kumwuliza. Kwa neno langu moja nilikuwa nimeweka hatarini kiti chake kati ya wazee wenzake, na nikateremka Nakuru na kipembe kimefungwa katika kitambaa ndani ya sanduku langu, nikiona nimefanya kazi njema.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nilipokubali kuonja.

Nilianza kwa uangalifu wa mtu anayeshika nyoka. Nilikaa kwenye kreti chini ya dirisha la stoo ya nyuma, na kwa kuwa mahali pale palikuwa na baridi nilivaa koti langu la sufu, koti zito la kahawia nililolinunua kwenye mnada wa shamba la mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Kichwa cha sigaa nilikikata kwa wembe, kidogo tu, pale mkunjo unapoishia. Kabla ya kuwasha nilivuta hewa kavu kupitia ndani yake. Ikiwa inapita kwa shida, imefungwa vibaya na moto utazimika kila mara. Kisha njiti ya kiberiti, nikingoja kwanza harufu ya baruti iishe, nikiizungusha ncha juu ya moto bila kuigusisha, mpaka ukingo wote umewaka sawasawa. Moshi nilikaa nao mdomoni, sikuumeza, nikautoa. Baada ya hapo nilitazama majivu. Majivu ya sigaa nzuri ni meupe au ya kijivu, yanashikana na kukaa juu ya ncha kama kofia. Ya sigaa mbaya huanguka yenyewe kama unga.

Shida ilikuwa maneno. Wateja walikuwa na yao, nami niliyasikia kaunta, lakini mengi yalitaja vyakula na miti ambayo sikuwa nimeionja wala kuiona. Nikaamua kutumia vitu ninavyovijua. Sigaa hii ni udongo mkavu ulionyeshewa dakika chache. Hii ni kahawa iliyosahauliwa kwenye kikaango. Hii ni maranda ya mbao za Elburgon, na si ishara nzuri, kwa maana imenyonya harufu ya kitu kilichosafiri karibu nayo. Mwenye duka alikaa mlangoni na leso puani, akanisikiliza, kisha akaenda kuwaambia Wazungu. Wengi walikubali. Masanduku yakaacha kurudi.

Mke wangu nilimwambia tangu siku ya kwanza. Hakupenda, lakini hakugomba. Alisema kazi ni kazi, ila harufu ile isifike kitandani. Kwa hiyo koti likawa na msumari wake kando ya mlango, nami kabla ya kutoka kazini nilisukutua kwa maji ya chumvi na kutafuna ganda la chungwa. Kanisani sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba mpishi akionja mchuzi hajala chakula.

Sigaa ina sehemu tatu, na kila moja ina tabia yake. Theluthi ya kwanza inatosha kabisa kumwambia mtu kama sanduku ni zima au limeharibika. Nililijua hilo baada ya shehena mbili tu. Kazi niliyopewa iliishia pale, na palikuwa na jiko la makaa karibu ambamo ningeweza kutupa kilichobaki. Kwa muda nilikitupa.

Kisha kikaja kisanduku kidogo cha sigaa za Havana, kitu adimu siku hizo. Theluthi ya kwanza ilikuwa nzuri na ya upole. Sikuitupa. Nilijiambia kwamba kitu cha thamani namna ile kinadai uchunguzi kamili. Nilipoingia theluthi ya pili ladha ikabadilika, nikajikuta nimeketi wima. Ilikuwa ladha ya kibuyu cha mama. Kwetu maziwa hugandishwa katika kibuyu kilichopakwa masizi ya mti uliochomwa, na yale masizi hutoa uchungu laini unaokaa nyuma ya ulimi hata baada ya maziwa kumezwa. Sikuwa nimeonja maziwa yale tangu alipofariki. Nilivuta polepole mpaka ladha ile ikaisha, nikaendelea hata ilipogeuka kuwa chungu, nikaizima vidole vilipoanza kuungua.

Tangu siku ile nilijua mpaka ulipo. Theluthi ya kwanza ilikuwa ya mwenye duka. Kila nilichovuta baada ya hapo kilikuwa changu, na kilikuwa kitu kilekile nilichomvua baba shingoni. Jumapili nilisimama mbele ya darasa nikaisoma orodha ya mambo ya kuacha. Sauti yangu haikutetemeka. Hilo lilinisumbua zaidi kuliko kama ingetetemeka.

Baba alikuja Nakuru mvua zilipokwisha, kwa sababu ya macho. Yalikuwa yakitoa machozi mchana kutwa na kila kitu akakiona kama kimefunikwa na ukungu wa asubuhi. Alishuka kwa lori mpaka Molo, akapanda gari la moshi. Hospitalini walimpa dawa ya matone wakamtaka arudi kila asubuhi kwa muda. Akakaa nasi katika chumba chetu cha lokesheni, mtaa wa Waafrika, yeye na watoto upande mmoja wa pazia, sisi upande wa pili. Ubatizo wake ulikuwa umekaribia; angebatizwa akirudi.

Jioni ya kwanza nilipoingia alisimama.

"Lete koti nikutundikie," alisema.

Nilishangaa kidogo. Kwetu baba hampokei mwanawe koti. Nikadhani ni adabu ya mgeni katika nyumba isiyo yake, nikampa. Jioni ya pili akafanya vilevile, na ya tatu. Nikazoea. Hata nikaona fahari kidogo, nikadhani ubatizo umemlainisha.

Mke wangu ndiye aliyenifumbua macho. Tulikuwa nje, yeye akianua nguo.

"Baba watoto," aliniambia, "mzee halitundiki hilo koti."

"Nalikuta msumarini kila asubuhi."

"Asubuhi ndiyo. Jioni anakaa nalo magotini, amejifunika nalo uso kama mtu anayesali. Watoto wanadhani anasali."

Alikuwa anatabasamu alipoanza kusema, kisha akauona uso wangu, akaendelea kukunja nguo.

Siku zile zilizofuata sikujua nifanye nini. Ningeliacha koti dukani, lakini huko kungekuwa kumnyang'anya tena, na safari hii bila hata kumwomba. Ningemweleza, lakini ubatizo ulikuwa karibu, na kama angekasirika na kuacha darasa, ningekuwa nimemtoa katika baraza la wazee na nimemtoa kanisani pia, akabaki hana pa kukaa. Kwa hiyo sikufanya kitu. Nilirudi jioni, nikanyoosha mkono wenye koti, naye akalipokea, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa amempeleka hospitali. Walipotoka alitaka kupitia sokoni, na baba akamwomba amwache dukani kwangu apumzike. Mwenye duka alimpokea kwa heshima kubwa, akampa kiti, akamwagizia chai. Kisha, kwa wema wake tu, akamshika mkono akamleta nyuma amwonyeshe ninavyofanya kazi.

Siku hiyo shehena ya Jamaika ilikuwa imefika na nilikuwa nimefika theluthi ya pili. Nilimwona kabla hajaniona. Alisimama mlangoni, macho yamejaa dawa, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza. Nilikuwa na nafasi ya kufanya jambo la kiume. Badala yake niliingiza sigaa nyuma ya kreti, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Mwenye duka alisema, "Mzee, toto yako nafanya kazi muzuri sana," akarudi mbele kwa wateja.

Baba alipapasa, akapata kreti, akaketi.

"Kitoe hicho ulichoficha," alisema. "Kisije kikachoma mali ya watu."

Nikakitoa. Moshi ukasimama kati yetu.

"Hii ndiyo kazi?"

"Ndiyo, baba. Wazungu wananunua ghali. Lazima mtu aonje kwanza."

"Na unalipwa."

"Nalipwa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nimeifanya kazi hii tangu nilipotoka jandoni," alisema, "na hakuna aliyeniambia kwamba ina mshahara."

Nilianza kucheka, nikashindwa kumaliza. Nilimwambia nitaizima. Nilimwambia pia kwamba nilianza baada ya yeye kuacha, si kabla, kana kwamba hilo lilikuwa na uzito.

"Usiizime. Utaharibu kazi ya mwenyewe," alisema. "Vuta. Niambie tu unasikia nini."

Basi nikavuta mbele ya baba yangu, jambo ambalo hata mtu asiye wa kanisa hafanyi kwetu. Yeye alifumba macho. Nikamwambia inaanza na ngozi. Akauliza ngozi mbichi au iliyotengenezwa. Nikasema iliyotengenezwa, kama tandiko la farasi, tena la zamani. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia majivu yamekaa vizuri lakini upande mmoja unaungua mbele ya mwingine. Akauliza kwa nini, nikamweleza jani linavyokunjwa. Nilikuwa nimekwisha kueleza mambo haya mara nyingi kwa mwenye duka mwenye leso puani. Sikuwa nimepata kuyaeleza kwa mtu aliyekuwa akiyasikia.

"Na sasa?"

"Sasa inakuja ladha ya kibuyu cha mama."

Aliinamisha uso kuelekea moshi.

"Alikuwa anakichoma kupita kiasi," alisema. "Nilimwambia kila siku. Hakusikia."

Nikamnyooshea sigaa. Sijui kama nilikuwa namjaribu au namhurumia. Aliipokea kwa vidole viwili, akaipitisha chini ya pua kutoka upande mmoja hadi mwingine, mbali na moto, taratibu kama mtu asomaye, kisha akanirudishia.

"Nimeahidi," alisema. Akajifuta machozi ya dawa kwa mkono. "Lakini koti sikumwahidi mtu."

Jioni ile nilitoa kipembe chake kutoka sandukuni nikakifungua kitambaa. Nilimwambia achukue, nitamweleza mchungaji mwenyewe kwamba kosa ni langu, nilimbebesha mzigo ambao mimi sikuubeba. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Baba alikishika, akakipima mkononi, akakibonyeza kifuniko kwa kidole gumba bila kukifungua.

"Ukinirudishia, wewe ndiye utakayelala vizuri," alisema. "Mimi nimekwisha kuwaambia wazee nimeacha. Nikitokea nacho kifuani watasema hata kuacha nimeshindwa."

Nilimwuliza basi anafanyaje wanapokutana.

"Nakaa mwisho kabisa. Kikifika kwa aliye kabla yangu, anakirudisha. Hivyo sina wa kumpitishia." Akafikiri kidogo. "Kule mwisho kuna upepo, lakini mtu anasikia maneno mengi."

Hakulisema kwa uchungu.

Alibatizwa mtoni kule juu, asubuhi ya baridi kali, nami nikapanda kwenda kusimama na walimu wengine. Alitoka majini anatetemeka, mdogo kuliko nilivyomzoea. Mchungaji akamshika bega akawaambia watu wamtazame mzee huyu aliyeacha kila kitu uzeeni, na wamtazame mwanawe aliyemwonyesha njia. Watu wakanitazama. Baba naye akanitazama, na usoni mwake palikuwa na kitu kama huruma. Wazee wenzake wachache walikuwa wamekuja, wamekaa ng'ambo ya mto juani. Niliona kipembe kikitoka mkono hadi mkono.

Nilirudi Nakuru nimeamua. Nilimwambia mwenye duka sitaonja tena. Aliuliza nani taonja sasa, nikasema sijui, naye kwa kuwa alikuwa mtu wa dini akaacha kunisukuma. Mke wangu alifurahi. Alichemsha maji, akaloweka koti, akalisugua kwa sabuni ya kipande, akalisuuza mpaka maji yakatoka safi, akalianika kwenye ua siku mbili kwa sababu sufu haikauki upesi. Darasani nikaisoma orodha yangu nikiwa huru. Nilijisikia mwepesi kwa wiki kadhaa, na sioni haya kusema kwamba nilijisifu.

Nilipopata nafasi nikapanda nyumbani kumwona. Macho yake yalikuwa yamepona. Alikuwa mlangoni, akanyoosha mkono kabla hata sijamaliza salamu.

"Lete koti."

Nikalivua nikampa. Akaingia nalo ndani kwenye giza giza la nyumba, nami nikabaki nje nikivua viatu vyenye matope. Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama katikati, koti mikononi, hajakaa nalo wala hajalitundika.

"Umeacha?" aliuliza.

"Nimeacha, baba."

"Ni vizuri."

Akalitundika kwenye msumari kwa uangalifu, akaliweka bega lake sawa, akaenda kuketi upande wa pili wa moto. Aliniuliza habari za watoto mmoja mmoja. Aliniambia viazi vimeshambuliwa na baridi. Tulikula. Hakulitazama tena koti lile, na nilipolivaa asubuhi lilinuka sabuni na moshi wa kuni, kama koti la mtu yeyote.

Gari la moshi lilipokuwa likiteremka kupitia Elburgon, magogo yamepangwa pande zote mbili za reli, nililifikiria jambo hili kwa utaratibu kama ninavyofikiria mengine. Mara ya kwanza nilijitakasa kwa kumvua baba kipembe. Mara ya pili nilijitakasa kwa kufua koti. Mara zote mbili mimi ndiye niliyetoka safi, na yeye ndiye aliyepungukiwa. Wala hakuwa amelalamika. Alisema ni vizuri, na nadhani alimaanisha hivyo, kwa ajili yangu.

Nilimwendea mchungaji wetu nikamweleza yote, na kwamba nakusudia kurudia kazi ya kuonja. Alihuzunika kweli. Aliniuliza kama siwezi kutafuta kazi nyingine, nikasema naweza. Aliniuliza basi kwa nini. Nilimweleza habari ya koti, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hilo haliwezi kuwa sababu. Darasa akapewa mtu mwingine. Mimi nakaa viti vya nyuma, karibu na mlango, na kama alivyosema baba, kuna upepo lakini mtu anasikia maneno mengi.

Mwenye duka hakuniuliza kitu. Alikuwa amerudishiwa masanduku mawili.

Kwa hiyo naonja mpaka leo. Kabla ya kupanda nyumbani nahakikisha koti halijafuliwa, na mke wangu, ambaye hajakubaliana nami, analiruka siku ya kufua. Baba hajauliza kwa nini nilirudi kazini. Ananyoosha mkono, anasema lete koti, anakaa nalo magotini, nami natafuta cha kufanya nje mpaka niusikie msumari ukishika ukosi.

Ningependa kumalizia hapo, maana hapo naonekana vizuri. Lakini nataka kuwa sahihi. Theluthi ya kwanza ni ya mwenye duka. Theluthi ya pili, najiambia, ni ya baba, maana ndiyo inayoingia vizuri katika sufu. Ya mwisho ni chungu, na nikifika hapo koti limekwisha kupata harufu yote linayoihitaji. Jiko la makaa liko palepale karibu na mguu wangu. Ningeweza kuitupa humo. Siitupi.